Meli Ikifunga Gati Cobh: Siku Moja Ireland Bila Kuachwa

Kila msimu wa meli za kitalii unapoanza kwenye bandari ya Cork, kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba, maswali yanayonifikia ni yale yale. Visa inahitajika? Dublin tutafika na kurudi? Lile jiwe la kubusu la ngome ya Blarney tutaliwahi? Mama anatembea polepole, ataweza? Nimechoka kujibu moja moja, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye kwenye safari ndefu ya bahari, meli imetoka kuvuka Atlantiki au inajiandaa kuivuka, naye amepewa siku moja tu ya kukanyaga nchi kavu. Nimechagua Cobh, mji ulio ndani ya bandari ya Cork (tamka "Kov", ukisema "Kobu" hutaelekezwa) kwa sababu hapo meli kubwa inafunga gati mjini kabisa. Bandari nyingine za Ireland zina masharti yake. Dublin gati liko katikati ya makontena na utahitaji basi la kukutoa. Galway na Dún Laoghaire meli kubwa zinatia nanga nje, abiria wanaletwa ufukweni kwa mashua, na bahari ikichafuka nahodha anaahirisha, siku yako imekwisha kabla ya kuanza.

Msimamo wangu nauweka mapema: siku ya Cobh huharibiwa na tamaa. Wanaotaka kuona Ireland nzima huona madirisha ya basi. Wanaochagua vitu viwili wanarudi melini wameshiba.

Unachohitaji kabla ya kushuka

Visa kwanza, kwa sababu ndiyo inayoliza watu. Ireland ni nchi ya Umoja wa Ulaya lakini haimo kwenye Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Visa ya Schengen haikuingizi. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Ireland yenyewe, na visa ya Uingereza au green card ya Marekani haziwi mbadala wake. Nalisema hili hasa kwa vijana walioko Minnesota na Texas wanaowakatia wazazi tiketi ya meli kama zawadi. Wewe una pasipoti ya Marekani, unapita bila kuulizwa. Baba na mama wana pasipoti za nyumbani, na kampuni ya meli inaweza kuwakatalia kupanda tangu bandari ya kwanza ikiona kuna nchi kwenye ratiba ambayo hawana visa yake. Anza maombi miezi kadhaa mapema.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo. Ratiba nyingi hupita Cobh, kisha Belfast, kisha Dublin. Belfast iko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Ukienda Belfast umeshatoka Ireland, na kuingia Dublin ni kuingia upya. Visa ya kuingia mara moja haitoshi, omba ya kuingia mara nyingi, na ya Uingereza nayo uwe nayo pembeni.

Vingine ni vyepesi:

- Kadi ya meli, ile inayofungua chumba. Bila hiyo hupandi tena.
- Pasipoti halisi. Ikiwa meli imezikusanya, uliza mapokezi usiku uliotangulia kama utashuka nayo au na kitambulisho kingine.
- Kadi ya benki. Sarafu ni yuro, na karibu kila mahali unagusa tu. Dola hazikusaidii dukani. Beba yuro chache za chenji kwa ajili ya basi.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli acha chumbani, upepo wa bandari hii utaugeuza ndani nje kabla hujafika kona ya kwanza.
- Viatu vya kushika chini. Mji wote umejengwa kwenye mteremko.
- Chaja. Tundu za umeme ni zile zile za miguu mitatu ya Kenya na Tanzania. Wenye chaja za namna nyingine, kama za Marekani, ndio watakaohitaji adapta.
- Namba ya wakala wa meli bandarini. Iko kwenye karatasi ya ratiba ya siku. Ipige picha.

Usishuke na chakula cha meli chenye nyama au maziwa. Sheria za Ulaya zinakataza kuviingiza kutoka nje, na sandwichi ya kuku uliyofunga kwenye kitambaa inahesabika.

Hatua kwa hatua

1. Usiku uliotangulia, hakiki mambo mawili: gati na saa.

Meli nyingi hufunga Cobh penyewe, lakini bandari ikijaa nyingine hupelekwa Ringaskiddy, upande wa pili wa maji. Ukishushwa Ringaskiddy, maelezo ya treni hapa chini hayakuhusu mpaka upate basi la kukufikisha mjini Cork.

Saa ni jambo kubwa zaidi. Kwenye safari ya kuvuka Atlantiki meli inasogeza saa zake usiku baada ya usiku. Kwa kawaida inafika bandarini ikiwa sawa na saa ya nchi, ila si lazima. Simu yako nayo ikinusa mtandao wa Ireland inajibadilisha yenyewe. Kwa hiyo vaa saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli, na hiyo ndiyo uifuate siku nzima.

Na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna hatari yetu ya ziada. Meli ikiandika 16:30, ni saa kumi na nusu jioni. Ikiwa mnasafiri na wazee, andikeni kwa namna zote mbili kwenye karatasi moja, mzee aitie mfukoni.

2. Pigia hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Usianze na "tutatoka saa ngapi", anza na saa ya mwisho ya kupanda. Tuseme ni 16:30. Toa saa nzima ya akiba: uwe kwenye gati 15:30, yaani saa tisa na nusu. Treni ya Cork hadi Cobh inachukua kama dakika 25, na siku za kazi hupita takriban kila nusu saa. Ukiruhusu treni moja ikupite, uwe stesheni ya Cork saa nane na nusu. Sasa umejua siku yako halisi inaishia saa nane na nusu mchana. Ukishuka saa tatu asubuhi, una kama saa tano na nusu mkononi.

Sasa lile la Dublin. Treni ya Cork kwenda Dublin peke yake ni zaidi ya saa mbili na nusu kwa upande mmoja, kabla hujaongeza ile ya Cobh. Jibu ni hapana.

3. Chagua njia moja tu.

Cobh peke yake, kwa wenye wazee, watoto au magoti mabovu. Cobh na mji wa Cork, kwa wengi wetu. Blarney, kwa anayelitaka jiwe kwelikweli. Kisiwa cha Spike, kwa anayependa historia ya magereza: boti inatoka gati la Kennedy pale pale mjini, robo saa majini, na ziara nzima hula kama saa tatu na nusu. Spike ilikuwa jela kubwa miaka ya 1850, ikiwa na wafungwa zaidi ya 2,000, na ngome yake Waingereza hawakuikabidhi kwa Ireland mpaka 1938. Nunua tiketi kabla, boti hujaa siku ya meli.

Ipo pia hifadhi ya wanyama ya Fota, ina kituo chake cha treni. Ina twiga na duma. Ukitoka Arusha au Nairobi, sina la kuongeza.

4. Shuka bila kukimbilia mstari wa kwanza.

Waliolipia ziara za meli hutangulia, na mabasi yao huziba njia. Kunywa chai yako, shuka nusu saa baadaye. Simu iache kwenye hali ya ndege mpaka uwe umekanyaga gati, kwa sababu mtandao wa setilaiti wa melini ukikudaka, bili yake utaikuta nyumbani.

5. Anza na Cobh, kabla ya treni.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kutoka melini moja kwa moja hadi stesheni, kwa kuwa iko hatua chache tu, na kusema Cobh "tutaiona tukirudi". Ukirudi umechoka na saa inakukimbiza. Mji huu mdogo ndio wenye habari, upe saa moja na nusu asubuhi.

Toka gatini, stesheni ya zamani ndiyo jumba la makumbusho ya mji. Nje yake iko sanamu ya msichana na wadogo zake wawili wa kiume: Annie Moore, aliyepanda meli hapa Desemba 1891 na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokelewa kwenye kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York. Kati ya 1848 na 1950 watu zaidi ya milioni 6 waliihama Ireland, na kama milioni 2.5 kati yao walitokea bandari hii. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza mashambani, ndiyo iliyofungua mkondo huo. Yeyote mwenye ndugu waliotawanyika kutafuta maisha atakaa mbele ya sanamu ile muda mrefu kuliko alivyopanga.

Endelea na barabara ya ufukweni kuelekea katikati ya mji. Kulia, nyuma ya majengo, utaona nguzo za mbao zimesimama majini, nyeusi, zimeliwa na chumvi, juu yake hakuna kitu. Ni mabaki ya gati la kampuni ya meli ya White Star. Tarehe 11 Aprili 1912 abiria 123 waliondoka hapo kwa boti ndogo kwenda kuipanda Titanic iliyokuwa imetia nanga mlangoni mwa bandari. Hii ndiyo ilikuwa bandari yake ya mwisho. Wakati huo mji uliitwa Queenstown. Wachache walishuka, mmoja wao kijana Francis Browne, aliyekuwa akisomea upadri, na kamera yake mkononi. Picha nyingi tunazozijua za ndani ya Titanic ikiwa safarini ni zake.

Hatua chache mbele ni uwanja wa Casement, wenye mnara wa kumbukumbu ya Lusitania, meli iliyopigwa kombora na manowari ya Kijerumani tarehe 7 Mei 1915 karibu na pwani hii na kuzama kwa dakika 18. Karibu watu 1,200 walikufa, na manusura waliletwa hapa. Watalii hupiga picha mnara na kuondoka. Wewe angalia jina la uwanja. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, alikuwa konseli wa Uingereza kule Kongo, na ripoti yake ya 1904 ndiyo iliyoweka mezani ukatili wa watu wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji katika kulazimisha uvunaji wa mpira. Miaka minne baadaye Leopold alinyang'anywa koloni lake. Casement mwenyewe akageukia uhuru wa Ireland, Waingereza wakamnyonga London Agosti 1916. Mkongomani anayepita hapa ana sababu yake ya kusimama.

Kisha kanisa kuu la Mtakatifu Colman, ambalo umeshaliona tangu meli ikiingia. Mlima ni mkali. Mwenye kushindwa na ngazi achukue teksi ya dakika tatu, si aibu. Ukiwa juu tembea mpaka West View, ile safu ya nyumba za rangi zilizopandana kwenye mteremko. Hapo watu wanaishi, usikae kwenye vizingiti vyao.

6. Panda treni ya Cork.

Nunua tiketi ya kwenda na kurudi kwenye mashine ya stesheni, au kwenye simu kabla, maana siku ya meli mashine ile inakuwa na foleni. Treni inapita Rushbrooke, Carrigaloe, Fota, Glounthaune na Little Island, halafu Kent, stesheni ya Cork. Jumapili treni ni chache, angalia ratiba upya na urudie hesabu ya hatua ya pili.

Kutoka Kent mpaka katikati ya mji ni kama robo saa kwa miguu. Magari yanapita kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda. Mliotoka Marekani, Rwanda, Burundi au Kongo, tazameni kulia kwanza.

7. Mjini Cork, nenda soko la English Market.

Ni soko la ndani lililoanza 1788, na Jumapili limefungwa. Ukiingia usiishie kupiga picha. Tafuta mahali panapouzwa matumbo. Yako mezani yamesafishwa meupe, yale ya vishimo-vishimo unayoyajua, na muuzaji akiona unayachungulia kwa macho ya mtu anayeyaelewa atakuchangamkia. Tofauti ni jikoni: wenyeji wa Cork huyachemsha na vitunguu ndani ya maziwa. Mama zetu watakuwa na la kusema. Pembeni yake huwekwa soseji nene ya kijivu iitwayo drisheen.

Tahadhari kwa Waislamu: drisheen ni damu ya kondoo na ng'ombe. Black pudding, inayoletwa kwenye kifungua kinywa cha Kiairishi, kwa kawaida ni damu ya nguruwe. Ukiwa na shaka agiza supu ya samaki na mkate wa kahawia, na uulize kama supu imetiwa nyama ya nguruwe, wakati mwingine hutiwa.

Kisha agiza chai. Waairishi wanakunywa chai nzito kwelikweli, na Barry's, chai ya hapa hapa Cork, huchanganya majani ya Kenya, Rwanda na Assam ya India. Umesafiri nusu ya dunia kunywa majani ya nyumbani, ila maziwa utaletewa pembeni, baridi.

Ukienda chooni usibahatishe milango, wakati mwingine imeandikwa Kiairishi: *Fir* ni wanaume, *Mná* ni wanawake. Wageni wengi hufikiri herufi ya M ni ya wanaume.

Aliyechagua Blarney aruke soko, achukue basi namba 215 kutoka katikati ya mji, kama nusu saa. Ngome ni ya 1446, ngazi zake ni nyembamba za kuzunguka, zaidi ya mia, na hazina njia ya kugeukia ukishaanza kupanda. Juu unalala chali, unashika vyuma viwili, unarudisha kichwa nyuma juu ya ufa na kulibusu jiwe, mfanyakazi amekushika kiuno. Wanasema linakupa ulimi wa kuongea. Siku ambayo meli mbili zimefunga, foleni inaweza kula saa nzima na zaidi. Nikiulizwa binafsi, bustani za ngome ni nzuri kuliko jiwe, na hazina foleni.

8. Rudi kwa ile saa uliyoandika.

Saa nane na nusu uko Kent, hata kama bado kuna duka moja. Kwenye ubao wa stesheni soma mwisho wa treni, usisome namba ya jukwaa tu. Njia hii ina matawi mawili, Cobh na Midleton, na treni zake zinafanana.

Mambo yakienda kombo

*Umepanda treni ya Midleton.* Shuka Glounthaune, hapo ndipo njia zinapoachana, ungojee ya Cobh. Ukishtukia baada ya hapo, shuka kituo kinachofuata na urudi. Hii ndiyo sababu ya ile akiba.

*Treni imesitishwa.* Usisimame ukingoja tangazo la pili. Teksi kutoka Cork ni kama nusu saa barabara ikiwa wazi, lakini Cobh ni kisiwani, na daraja la magari ni moja tu, Belvelly. Pakifungana, mwambie dereva akupitishe Passage West, kuna kivuko cha magari kinachovusha mpaka Carrigaloe kwa dakika chache. Madereva wanakijua. Unganeni abiria wanne, mgawane nauli.

*Mvua imekuja ya kulala.* Makumbusho ya Cobh yako chini ya paa, na soko la Cork pia. Blarney na West View viache.

*Mzee amechoka njiani.* Mmoja arudi naye Cobh kwa treni, wengine waendelee. Msimburute kundi zima, na msimwache peke yake hata akisisitiza kwamba anaijua njia.

*Mtu ameumia au amepotea.* Piga 112 au 999, zote zinafanya kazi. Polisi wanaitwa Garda.

*Umechelewa, na unaiona meli bado ipo.* Piga simu kwa wakala wa bandari kabla ya kukimbia. Meli huwangoja walio kwenye ziara zake yenyewe, aliyejitembeza haingojwi, lakini dakika tano mara nyingine hupatikana wakijua uko karibu.

*Meli imeondoka.* Wakala ndiye mtu wako sasa. Mara nyingi meli ikiona hujapanda humwachia pasipoti, ikiwa ilikuwa chumbani. Ikiwa bandari inayofuata ni ya Uingereza au Ulaya, unaweza kuifuata kwa ndege, mradi una visa ya huko. Ikiwa kinachofuata ni Atlantiki, hutaikuta njiani: mabasi ya kwenda uwanja wa ndege wa Dublin yanatoka Cork mjini, ni kama saa tatu, na tiketi ya ndege ni kwa gharama yako. Mwombe wakala akuandikie barua ya kueleza kilichotokea, utahitaji kuionyesha kwenye dawati la ndege, na kwa bima ukirudi.